Fimbo Zangu Kinywani mwa Profesa

Tuliitwa tujaze viti, na jambo hilo sitalipamba. Kongamano la kitaifa la fizikia lilipokuja Kindu kwa mara ya kwanza, wakubwa waliogopa kwamba watafiti wa Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani wangeshuka kwenye ndege na kukuta ukumbi mtupu. Wakatuma ujumbe mashuleni: kila mwalimu wa fizikia alete wanafunzi wake wa darasa la sita la sekondari, wavae sare safi, wakae nyuma, wanyamaze. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nikaleta wangu. Njiani niliwaambia kwamba mwenye swali asinyamaze, kwa hiyo nusu ya amri nilikuwa nimeshaivunja kabla hatujafika mlangoni.

Tuliketi asubuhi tukangoja. Kwetu kikao hakifunguliwi bila mkubwa, na mkubwa hawezi kufika kabla watu hawajachoka, kwani akifika mapema nani atajua kwamba ni mkubwa? Alipoingia, jua lilikuwa limeshapanda. Kisha zikaanza salamu. Kila aliyeshika mikro aliwasalimu wakubwa wote kwa vyeo vyao, kuanzia juu kushuka chini, na aliyefuata akaanza tena juu. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliyetoka Punia kwa pikipiki, suruali imekauka matope mpaka magotini, aliambiwa kwamba kazi yake ataisoma kesho, kama muda utapatikana. Aliikunja karatasi yake akairudisha mfukoni. Nilitamani kumrushia mtu kiti.

Hapo akapanda jukwaani mgeni wa heshima, profesa kutoka Kinshasa. Suti ya kijivu, tumbo la amani, miwani ya kushushia puani. Mwendesha kikao alimtaja kuwa mtoto wa Maniema aliyeinua jina la mkoa, na ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Huyo mtu tulikaa naye benchi moja shuleni miaka ya vita, na tangu wakati huo nilikuwa sijamwona ila kwenye picha za simu.

Lazima niseme kwanza yaliyotokea miaka hiyo, ndipo mtaelewa kwa nini mikono yangu ilibaki mapajani.

Miaka ya vita treni ilikufa kituoni. Mchele wa Kibombo haukufika tena. Waasi wenye bunduki walikaa ndani ya mji, wapiganaji wa msituni waliuzunguka, na sisi tulikuwa katikati tukila sombe, majani ya muhogo, bila mafuta na bila chumvi. Shule haikufungwa, sijui kwa nini. Maabara yetu ilikuwa imeporwa, na meza zake askari wa waasi walizipasua wakapikia. Lakini mwalimu wetu wa fizikia, mzee mkali ambaye sasa ni marehemu, aliingia darasani kila asubuhi na chaki yake ya mwisho kana kwamba hakuna lililopungua. Siku moja alitufundisha kwamba sauti haifiki papo hapo, kwamba inatembea, tena kwa mwendo unaoweza kupimwa. Mvulana mmoja akacheka. Mzee akamwambia kwamba mto uko pale na masikio anayo kichwani, asiyeamini aende akapime.

Wengine walilichukua kuwa neno la hasira. Mimi nililichukua kuwa kazi ya nyumbani.

Nilimwomba mwenzangu wa benchi, huyu huyu profesa wa leo, anisaidie, kwa sababu kwao kulikuwa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, na kwenye shule ya msingi ya upande ule, karibu na ukingo, kulikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kama kengele. Tukapatana hivi: yeye asimame kule, apige reli kwa nyundo, na kila anapopiga ashushe shati jeupe kwa mkono wa pili. Mimi nikae ukingo wa huku. Nikiona shati limeshuka naanza kuhesabu, sauti ikifika naacha. Saa hatukuwa nayo, askari walizichukua zote. Nikafunga nati ya baiskeli kwenye uzi mrefu, nikarefusha na kufupisha mpaka uzi ukafika mita moja, urefu ambao kwenda ni sekunde na kurudi ni sekunde, kama mzee alivyotufundisha. Upana wa mto mahali pale mzee aliujua, nadhani kutoka kwa watu wa reli.

Na ikawezekana. Shati likishuka, nati inakwenda na kurudi, kisha chuma kinalia. Mto mzima umekaa kati ya jicho langu na sikio langu. Nilirudia tena na tena na hesabu ilikuwa ile ile, zaidi ya sekunde mbili kidogo. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Sasa mtazame msichana huyo kwa macho ya askari. Amekaa peke yake ukingoni, anabembeza chuma kwenye uzi, midomo inahesabu, na macho yako ng'ambo, ambako mtu anapunga kitu cheupe na kugonga reli. Walikuja nyuma yangu. Mmoja alisema mimi ni mpelelezi wa watu wa msituni, mwingine alisema mimi ni mchawi, wakabishana kidogo, kisha wakakubaliana kunichapa kwa yote mawili. Walinifungia katika behewa tupu pale kituoni. Walinichapa mgongoni na kwenye nyayo, wakiniuliza maana ya ishara, nami niliwaeleza mwendo wa sauti, na kila nilipoeleza walichapa zaidi. Mama yangu alinitoa kwa gunia la mchele ambalo mpaka anakufa hakuniambia alilipata wapi.

Kutoka ng'ambo mwenzangu aliniona nikikamatwa. Alivaa shati lake akaondoka, na baada ya muda, habari za fimbo zangu zikiwa zimeshavuka mto, ukoo wao wote ulishika njia ya msitu kuelekea Pangi. Kwa hilo sikumlaumu hata siku moja. Mtoto akiona bunduki hukimbia, na aliyebaki hakubaki kwa ushujaa, alibaki kwa sababu ameshikwa. Hesabu yangu nilikuwa nayo kichwani. Nilipoweza kutembea nilimpelekea mzee, akaikokotoa ukutani kwa mkaa, ikatoka karibu sana na ile ya kitabuni.

“Mutoto,” akasema, “umepima kitu.”

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Sina shahada kubwa. Sina makala hata moja. Nina siku hiyo, na kila mwaka nikifika kwenye somo la sauti huwasimulia wanafunzi wangu, ili wajue kwamba fizikia si mali ya watu wenye vyombo. Darasa hili nililolileta ukumbini nilikuwa nimelisimulia si wiki nyingi zilizopita.

Turudi jukwaani. Profesa alianza kwa Kifaransa, kisha akavua miwani akasema kwamba sasa atasema Kiswahili ili wazee wa nyumbani wasikie. Akasema kwamba watu humuuliza fizikia ilimwanzia wapi. Ilimwanzia hapa, miaka ya vita. Yeye, mtoto wa Alunguli, asiye na saa wala vyombo, alisimama ukingoni mwa Lualaba, akapiga reli kwa mkono wake huu, akahesabu mwendo wa nati kwenye uzi mpaka sauti ilipomfikia.

“Njo siku ile askari walinikamata,” akasema. “Walinipiga hapa na hapa.”

Akagusa mgongo wa suti ya kijivu. Kisha akainua kiatu kidogo, watu waone kwamba hata nyayo.

Ukumbi mzima ulisimama. Wa Kisangani, wa Goma, wa Bukavu, wa Lubumbashi walipiga makofi kwa kuwa walielewa Kiswahili, na wa Kinshasa kwa kuwa wenzao walipiga. Tafadhali mlifikirie jambo hilo. Mtu amepiga chuma yeye mwenyewe, kisha akangoja sauti ya chuma hicho hicho imfikie pale pale alipo, na watafiti wa fizikia wa taifa zima wanasimama kumpigia makofi. Hakuna aliyekunja uso. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakumjua huyu: njia yake imefika Kinshasa, imepanda ndege, imerudi imevaa tai.

Alichukua watu wawili akawafanya mmoja. Kazi yangu, sawa, wengi wameibiwa kazi. Lakini mtu ameniibia hata fimbo zangu.

Wanafunzi wangu waligeuza vichwa. Hawakugeuka wote pamoja, waligeuka mmoja mmoja, kisha wakarudisha macho mbele haraka, kama watu waliochungulia chumba kisicho chao. Hapo niliona kilichonipata. Hadithi moja, vinywa viwili: kimoja cha profesa aliyepigiwa makofi na ukumbi, kingine cha mwalimu anayekwenda kazini kwa miguu. Nani kamwibia nani? Hata mimi ningekuwa mwanafunzi ningejua la kujibu. Kesho nikisema mwanga unapinda, wataniamini kwa nini?

Nikainua mkono wakati wa maswali. Hapa nieleze utaratibu wetu wa maswali, maana umewaokoa waongo wengi. Kwetu mzungumzaji haulizwi akajibu. Maswali hukusanywa kwa fungu, huyu anauliza, yule anauliza, na yule, mzungumzaji anaandika, kisha anajibu yote kwa pamoja. Nani atakumbuka swali ambalo hakulijibu? Nilipata mikro mwishoni mwa fungu. Nilisimama, na swali langu lilikuwa fupi.

“Profesa, naomba kujua jambo moja tu. Siku ile, ng'ambo ya pili ya mto alikuwa nani?”

Aliniangalia. Alinijua, nawaambieni alinijua, niliona kalamu yake imesimama. Kisha akaandika kitu. Akamjibu wa kwanza kwa urefu, wa pili kwa utani, wa tatu akamwita kijana mwenye akili. Alipokaribia langu, mwendesha kikao alisema kwamba muda umekwisha na chakula cha mkubwa kinapoa. Profesa akafungua mikono kama mtu aliyezuiwa kutenda wema. Wakatoka.

Nilimfuata kwenye chakula. Alikuwa na sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, na kuku, watu wamemzunguka. Aliponiona aliwaacha, akanijia mikono wazi, akaniita dada yangu, akauliza watoto wangapi, akaniambia sikuzeeka. Nilimuuliza kwa nini. Hakukana, na hilo nampa. Alinivuta kando, akasema kwamba mara ya kwanza alisimulia habari hiyo kwa usahihi, chuo kikuu, lakini mtu aliyekaa ng'ambo na nyundo hana hadithi, watu walikuwa wakimuuliza tu yule msichana yuko wapi sasa. Kidogo kidogo akajikuta ameshavuka mto.

“Dada, ungetaka niseme nini?” akauliza. “Niseme nilikimbia?”

“Ndiyo. Sema ulikimbia. Haikuwa aibu.”

“Mbele ya wale watu wote?” Akacheka kidogo, si kwa ubaya, na hilo lilinichoma zaidi. Akaniahidi vitabu vya shule. Akaniahidi kwamba katika kitabu cha kongamano watatia neno la kuwashukuru walimu wa Kindu. Nilimwambia sitaki vitabu, nataka aende pale mlangoni, walipo wanafunzi wangu, awaambie nani alikuwa upande gani. Akasema hilo ni dogo, twende.

Nikadhani nimeshinda. Alifika kwao akawashika mabega, akawauliza majina, akasema: “Mwalimu wenu tulisoma pamoja. Siku ile alinisaidia sana. Mumuheshimu.”

Alinisaidia! Wanafunzi wakaitikia ndiyo profesa. Kisha mmoja akatoa simu, akaomba picha na mgeni, wakajipanga, na kwa kuwa wote walitaka kuwemo, simu nilipewa mimi. Nilipiga picha hiyo. Nilipiga hata ya pili, maana katika ya kwanza mtu alikuwa amefumba macho.

Tulirudi kwa miguu, barabara ya vumbi, pikipiki zikitupita. Kwa kawaida darasa hili halinyamazi. Siku hiyo walizungumza habari za kuku na za suti. Msichana mmoja, mwenye akili kuliko wote na mpole kuliko wote, alichelewesha hatua zake mpaka tukawa sambamba.

“Mwalimu, haina neno,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Watu wote wanaongezaka kidogo kwa hadithi zao.”

Alikuwa ananisamehe. Nimechapwa na askari, nimezika mama, nimefundisha miezi mingi bila mshahara, lakini sikumbuki neno lililonishusha kama huruma ya yule mtoto. Ningeweza kuvua viatu pale barabarani niwaonyeshe nyayo. Lakini kovu halisemi limetoka wapi, na profesa pia ana miguu. Nilimjibu kwamba aangalie pikipiki.

Usiku sikulala vizuri, na kulipokucha nilikuwa nimeamua. Kongamano lilikuwa na siku ya pili. Watu wa itifaki walitungoja tujaze viti, nasi hatukwenda. Walinipigia simu, wakasema nimewaaibisha, viti vya nyuma viko wazi na mkubwa anakuja kufunga. Niliwaambia wavikalie wenyewe.

Niliwapeleka wanafunzi mtoni. Sikuwaambia kwamba nataka kuthibitisha lolote, nilisema leo ni kipimo cha mwendo wa sauti, kila mtu ataandika ripoti. Nusu niliwavusha kwa mtumbwi kwenda Alunguli, na yule msichana mpole akiwa miongoni mwao, wakabeba rimu ya gari na nyundo. Kitambaa cheupe hakikutusumbua, jana kila mmoja alikuwa amegawiwa fulana nyeupe ya kongamano. Kongamano lilifaa kwa kitu kimoja angalau. Nusu walibaki nami huku, wameshika simu zenye saa ya kuhesabia, na nikawaomba wachuuzi wa samaki wapunguze kelele. Mama mmoja akauliza tunafanya uchawi gani. Nikamwambia ule ule wa zamani.

Ng'ambo fulana ikashuka. Wanangu wakabonyeza. Tukangoja, mto ukipita, kisha ngaa, rimu ikalia, wakabonyeza tena, na mvulana mmoja akapiga kelele kwamba imechelewa kweli, alidhani ni maneno ya kitabuni. Tulirudia mpaka hesabu zikafanana. Kisha nikawapungia wenzao warudi.

Walipofika, niliwakusanya kwenye kivuli cha tishari bovu la chuma lililokwama pale ukingoni. Niliwauliza wa upande wetu walisikia nini. Wakajibu wote kwa pamoja kwamba sauti ilichelewa, wakataja hesabu zao. Nikawauliza waliovuka. Wakatazamana.

“Mwalimu, sisi hatukuipata,” akasema yule msichana. Ndiye aliyeshika nyundo. “Nilipiga, nikasikia palepale. Nilipiga tena, nikangoja, lakini hakuna kitu. Labda nilikosa namna ya kupiga.”

Nimefundisha miaka mingi, najua wakati ambapo mwalimu akifungua mdomo ataharibu. Mvulana mmoja alisema kwamba hakukosea, mwenye kupiga hawezi kusikia kuchelewa, yuko palepale na chuma. Msichana akaitikia kwa kichwa. Kisha akaacha kuitikia.

“Lakini profesa alipiga,” akasema polepole. “Alipiga mwenyewe, tena akahesabu.”

“Ndivyo alivyosema,” nikajibu.

“Kama njo yeye alipiga, hakuhesabu. Alikuwa Alunguli.” Akageuka akatazama ng'ambo, kisha upande wa kituo cha treni, nyuma yetu, ambako kila mtoto wa Kindu ameambiwa na wazazi wake kwamba askari walikaa. “Na askari walikuwa huku.”

Wengine walitazama miguu yangu, kisha wakaona haya wakatazama maji. Sitasema kwamba nilifurahi, maana hasira yangu ilikuwa pale pale, nzima, na ipo mpaka leo. Ndege ya Kinshasa iliondoka kesho yake, na huyo mtu ataendelea kuchapwa fimbo zangu katika kila ukumbi atakaoalikwa.

Yule msichana aliweka nyundo chini. Alikuja akasimama mbele yangu, akapiga goti kidogo kama anavyomsalimu mama yake, na macho yake yalikuwa yamejaa.

“Mwalimu,” akasema, “jana nilikusamehe. Unisamehe.”